Mtoto wa mbwa anayebaki peke yake nyumbani saa za kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wakazi wa Arusha na Moshi walio na mtoto wa mbwa nyumbani, au wanaokaribia kumchukua, na ambao siku tano au sita za wiki hutoka asubuhi na kurudi alasiri au jioni. Nimelea watoto wa mbwa wanne hapa Sakina huku nikifanya kazi mjini, na maswali yaliyomo humu ni yale ambayo majirani na wafanyakazi wenzangu wamekuwa wakiniuliza kwa miaka yote hiyo.

Mtoto wa mbwa anaweza kubaki peke yake kwa muda gani?

Kipimo cha makadirio kinachotumiwa na wafugaji wengi ni kuchukua umri wake kwa miezi na kuongeza moja, na jibu linalopatikana ndilo idadi ya saa anazoweza kuzuia mkojo akiwa macho. Wa miezi 2 huvumilia saa 3 kwa shida, na wa miezi 3 huvumilia saa 4. Sasa mfikirie mtu wa Njiro anayetoka nyumbani saa 1:00 asubuhi, akatoka kazini saa 9:30 alasiri, akasubiri daladala, akafika kwake saa 10:30. Hizo ni saa tisa na nusu, na hakuna mtoto wa mbwa wa umri huo anayeziweza.

Hata hivyo, mkojo si jambo kubwa kuliko yote. Mtoto wa mbwa aliyetoka kwa mama yake juzi hajawahi kulala bila joto la ndugu zake, na ghafla anaachwa katika chumba kisicho na pumzi ya mtu wala mnyama. Siku ya kwanza nilipomwacha mtoto wangu wa mbwa, Popi, nilimweka stoo na gunia safi, maji, na bakuli lililojaa ugali na dagaa, nikaondoka nikiamini kwamba sikupungukiwa na kitu. Niliporudi saa 10 jioni nilikuta ugali umekauka na kupasuka juu bila kuguswa. Sehemu ya chini ya mlango ilikuwa imekwanguliwa rangi mpaka mbao nyeupe ikaonekana, kucha mbili za mguu wake wa mbele zilikuwa na damu, na yeye mwenyewe alikuwa amelala pua yake ikiwa kwenye ule upenyo mdogo unaopitisha mwanga chini ya mlango. Alipojaribu kulia hakutoa sauti, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kukauka. Tangu siku hiyo, swali ninalomwuliza kila anayetaka ushauri wangu ni moja: nani atamfungulia mlango mchana?

Wazee wetu husema mbwa akifungiwa peke yake tangu utotoni ndipo huwa mkali. Je, si kweli?

Imani hii imeenea sana katika mitaa yetu, na ndiyo inayowafanya watu wema kabisa wamfungie mtoto wa mbwa bandani kutwa nzima wakidhani wanaandaa mlinzi. Ninaipinga bila kusita. Kati ya wiki ya 3 na takriban wiki ya 14 ya maisha yake, ubongo wa mbwa hujifunza ni vitu gani vya kawaida duniani: watoto wa shule, pikipiki, mwanamke aliyebeba ndoo kichwani, mvua ya mawe juu ya bati, mgeni anayebisha hodi. Asichokutana nacho katika kipindi hicho hukihofia baadaye, na hofu hiyo ni ngumu sana kuiondoa akishakua.

Kwa hiyo mbwa aliyekulia gizani huwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata bila kubweka kwanza. Humng'ata mtoto wa jirani aliyefuata mpira, fundi wa maji, au shangazi aliyekuja msibani, kwa sababu hawezi kumtofautisha mwizi na mgeni. Mlinzi mzuri ni yule aliyewazoea watu wa kawaida kiasi kwamba akimwona mtu anayeruka ukuta usiku wa manane anajua papo hapo kwamba huyo si wa kawaida.

Nani aje mchana, na afanye nini hasa?

Ukiweza kulipa kitu kimoja tu kwa ajili ya mbwa wako, lipa huyu mtu. Kola, kitanda cha dukani, midoli, vyote vinaweza kusubiri. Anaweza kuwa dada wa kazi, mlinzi wa nyumba ya pili, mama mwenye genge, au fundi cherehani aliye hatua chache kutoka getini kwako. Mimi nilikubaliana na fundi cherehani wa mtaani kwetu. Alikuja saa 4 na saa 7, kila mara kwa muda wa dakika 20 hivi, nami nikamlipa kila Jumamosi bila kuchelewesha, kwa sababu kazi hii ikidharauliwa na mlipaji hudharauliwa pia na mlipwaji.

Anachopaswa kufanya ni kidogo, lakini kina mpangilio. Amtoe nje mara moja, kabla ya salamu na kabla ya michezo, na amsubiri mahali palepale anapojisaidia kila siku. Akimaliza, amsifu kwa sauti ya upole, ampe chakula, abadilishe maji, kisha akae naye chini kidogo amguse masikio, vidole na mdomo ili azoee kushikwa. Baada ya kula amtoe tena, maana mtoto wa mbwa hujisaidia ndani ya dakika 10 hadi 30 baada ya mlo. Ndipo amrudishe mahali pake, akiwa amechoka na tumbo limejaa, naye atalala.

Kuna jambo linalohitaji adabu. Katika miji yetu unaishi na majirani Waislamu, na wengi wao hufuata madhehebu ya Shafi ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, kiasi kwamba kilichoguswa huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Usimpe dada wa kazi Mwislamu jukumu hili kana kwamba ni kufua au kupiga deki. Mwulize kwanza, mkiwa wawili, na akikataa likubali jibu lake bila kununa. Wapo wanaokubali kufungua mlango na kuweka chakula bila kumgusa mbwa, na huo nao ni msaada mkubwa.

Ratiba ya siku iweje?

Amka mapema kuliko ulivyozoea. Saa 11:30 alfajiri mtoe nje, saa 12 mpe chakula, mtoe tena, kisha cheza naye kwa dhati mpaka achoke mwenyewe. Mtu atakayeacha nyumba saa 1:00 akiwa na mbwa aliyechoka atakuwa amemwachia usingizi, kwani watoto wa mbwa hulala saa 18 au zaidi kwa siku, ilimradi hawana njaa, hofu wala haja. Ziara ya kwanza iwe saa 4 na ya pili saa 7. Anapofikisha miezi 4 ziara moja ya katikati ya siku inaweza kutosha, na baada ya miezi 6 wengi hustahimili saa 5 au 6 bila taabu. Hata mbwa mzima hastahili kuachwa zaidi ya saa 8.

Abaki wapi: ndani, bandani, au afungwe mnyororo uani?

Mnyororo usiufikirie kabisa kwa mtoto wa mbwa asiye na mtu wa kumwangalia. Hujizungusha, hujinyonga, au huumia shingo akivuta, na anayefungwa kila siku hujifunza kwamba kila anayekaribia ni tishio asiloweza kulikimbia.

Ndani ya nyumba, chagua sehemu ndogo isiyo na vitu vingi, kama korido au kona ya jikoni iliyozuiwa kwa ubao, yenye nafasi ya kulala upande mmoja na magazeti ya kukojolea upande mwingine. Mahali pakubwa mno humchanganya.

Bandani inawezekana, lakini hapa kwetu kuna mambo matatu yanayoua. La kwanza ni joto. Jua la Moshi kati ya Januari na Machi huwasha bati mpaka ndani ya banda pakawa kama tanuri, na mbwa hatoi jasho kama mtu bali hupoa hasa kwa kuhema. Weka banda chini ya mti, acha nafasi ya hewa pande mbili, na maji yawe kwenye chombo kizito asichoweza kukipindua. La pili ni baridi ya Arusha ya Juni na Julai, hasa kwenye sakafu ya saruji. Mtandikie juu ya kichanja cha mbao, gunia juu yake. La tatu, ambalo wageni hawalijui, ni siafu. Mvua zinapoanza, msafara wa siafu ukiingia bandani mbwa mkubwa atavunja mlango akimbie, lakini mtoto aliyefungiwa hana pa kwenda. Fyeka majani kuzunguka banda, usiache mabaki ya chakula, mwaga majivu pembeni, na katika wiki za masika mwache ndani ya nyumba.

Alishwe nini, na mara ngapi?

Mpaka miezi 4 apate milo minne midogo, au mitatu ikiwa huna namna. Mpaka miezi 6 apate mitatu. Baada ya hapo miwili. Usimwachie bakuli moja kubwa la kutwa nzima, kwa sababu litachacha, litaita nzi, na Popi alinifundisha kwamba mtoto aliyejaa hofu hagusi chakula.

Chakula cha dukani cha watoto wa mbwa ni rahisi kukigawa na hakimsumbui mtu wa mchana. Anayepika nyumbani asitegemee ugali mtupu, kwani mifupa na misuli inayokua inahitaji protini. Changanya dagaa walioloweshwa na kuchemshwa, yai lililoiva, utumbo au nyama ya masalia iliyopikwa bila kitunguu. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi, na kuharisha akiwa peke yake ni mateso.

Naomba msomaji anisikilize kuhusu mahindi. Kuna desturi ya kununua mahindi au pumba zilizoota ukungu kwa bei ya chini, na kusema kwamba hizo ni za mbwa. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, ile ile inayoharibu ini la binadamu, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi zaidi. Kupika hakuiondoi. Ikiwa hutausaga unga huo kwa ajili ya watoto wako, usimpe na yeye.

Ni vitu gani viondolewe kabla sijatoka?

Piga magoti, utazame chumba kutoka urefu wake. Nyaya za chaja na ekstenshen, kandambili, mifuko ya plastiki, sindano za kushonea, mkaa, sumu ya panya: vyote huishia mdomoni. Magunzi ya mahindi yanastahili kutajwa peke yake. Mbwa humeza kipande cha gunzi kwa sababu ya ladha ya mahindi yaliyochomwa, nacho hakisagiki tumboni. Huziba utumbo, na tiba yake huwa ni upasuaji. Kokwa la parachichi ni hivyo hivyo.

Kwa wale wa Kibosho, Marangu na Machame wenye mashamba nyumbani, buni za kahawa zilizoanikwa zina kafeini inayoweza kuua mbwa mdogo, na machicha ya mbege bado yana kilevi. Chokoleti, zabibu, vitunguu na mifupa iliyopikwa navyo visiachwe karibu.

Nimerudi nimekuta amekojoa ndani. Nimchape?

Hapana. Mbwa huunganisha adhabu na kinachotokea sekunde ile ile, na kinachotokea sekunde hiyo ni wewe kuingia mlangoni. Ukimchapa kwa mkojo wa saa 5, atakachojifunza ni kukuogopa unaporudi. Watu husema, "Mtazame, anajua kosa lake," kwa kuwa amekunja mkia na kulaza masikio. Anachokijua ni sura yako iliyokasirika, na anakuomba yaishe.

Safisha pasipo maneno. Osha kwanza kwa maji na sabuni, kisha suuza kwa siki iliyochanganywa na maji, kwani harufu ikibaki atapadhania kuwa choo chake. Usimwage jiki juu ya mkojo ambao haujaoshwa, maana mchanganyiko huo hutoa hewa inayochoma mapafu yako na yake. Baada ya hapo angalia saa: ikiwa hukojoa ndani kila siku wakati ule ule, ziara ya mchana inachelewa.

Analia sana nikiondoka na majirani wanalalamika. Nifanyeje?

Mzoeze kabla hujahitaji. Toka nje kwa nusu dakika, rudi akiwa kimya, endelea na kazi zako. Kisha dakika 2, kisha 5, kisha nenda dukani urudi. Fanya hivyo mara nyingi kwa siku, ukiongeza muda taratibu na kurudi nyuma hatua moja akianza kuhangaika. Kuaga kusiwe kwa mbwembwe, na kurudi vivyo hivyo. Mwachie kitu cha kutafuna, na kanga au fulana uliyoivaa yenye harufu yako. Redio yenye sauti ya chini huwasaidia baadhi, lakini haifungui mlango.

Majirani nao wastahili kuambiwa mapema. Nenda mwenyewe, jioni, ueleze kwamba kuna mtoto wa mbwa anayejifunza, na uombe uvumilivu wa wiki mbili tatu. Jirani aliyeheshimiwa hivyo ndiye atakayekupigia simu siku kilio kitakapobadilika na kuwa cha maumivu.

Chanjo inahusiana vipi na kubaki peke yake?

Inahusiana kwa sababu wewe na mtu wako wa mchana mnaingia na viatu. Virusi vya parvo, vinavyomtapisha na kumharisha damu mtoto wa mbwa, huweza kukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, na huletwa na soli ya kiatu kilichopita barabarani. Chanjo ya parvo na distempa (ugonjwa mwingine wa virusi vya mbwa) huanza katika umri wa wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka wiki ya 16, na kuruka dozi za katikati ni kumwacha wazi. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi 3 na kurudiwa kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Hii usiiahirishe hata siku moja, maana ugonjwa huo ukishaonyesha dalili hauna tiba, kwa mbwa wala kwa mtu. Mpaka chanjo zikamilike, viatu vivuliwe kibarazani, na matembezi yawe ya kubebwa mikononi ili aone dunia bila kuikanyaga.

Dawa ya minyoo hutolewa kila wiki 2 mpaka afike miezi 3, kisha kila mwezi mpaka miezi 6.

Naweza kumpaka dawa ya kupe ya ng'ombe, au kumpa kitu cha kumlaza?

Dawa ya josho la ng'ombe ikipimwa kwa macho inaweza kumuua mtoto wa mbwa, na akiwa peke yake atailamba manyoyani bila mtu wa kumzuia. Nunua iliyoandikwa umri na uzito wa mbwa. Kupe waondolewe kwa mkono kila jioni, hasa masikioni na katikati ya vidole. Ama kumpa piritoni alale, au panado na diklofenaki akionekana anaumwa, usithubutu.

Nikichukua wawili wakae pamoja, si watafarijiana?

Watafarijiana, lakini watakojoa mara mbili, watakula mara mbili, na mara nyingi watasikilizana wao kwa wao kuliko kukusikiliza wewe. Bado watahitaji mtu wa mchana.

Mtu wa mchana atajuaje kwamba mbwa anaumwa?

Mfundishe kutazama fizi: ziwe na rangi ya waridi na zenye unyevu. Zikiwa nyeupe, huenda minyoo au kupe wamekwisha kumnyonya damu. Akikataa mlo mmoja akiwa mchangamfu, subirini mlo unaofuata. Akilegea, akatapika, akaharisha kinyesi chenye damu na harufu kali, apigiwe daktari saa ile ile, kwa sababu mtoto wa mbwa mwenye parvo hukaukiwa maji upesi na kesho inaweza kuwa imechelewa. Acha namba ya daktari na fedha ya bodaboda ubavuni mwa mlango, na kikapu cha kumbebea.

Sina mtu wa mchana. Nifanyeje?

Ikiwa hujamchukua bado, subiri. Ninalisema hili nikikumbuka yanayotokea kila Januari. Desemba ndugu wanapanda Moshi kutoka Dar es Salaam na kwingineko, nyumba inajaa, watoto wanaletewa mtoto wa mbwa, naye anabebwa kutoka asubuhi hadi usiku. Wiki ya kwanza ya Januari mabasi yanaondoka, shule zinafunguliwa, na mnyama aliyezoea mikono kumi anabaki na ukuta.

Mwajiriwa ana haki ya likizo ya mwaka ya siku 28 kwa sheria ya kazi ya mwaka 2004. Ipange ianze siku unayomleta, na uitumie yote kumzoeza kubaki. Unaweza pia kumwomba mwenye mama mbwa akutunzie mtoto mpaka afikishe miezi 3 au 4 huku ukichangia chakula na chanjo na kumtembelea kila mwisho wa wiki ili akujue. Njia nyingine ni kuchukua mbwa mzima mwenye mwaka mmoja au miwili, wa kienyeji, aliyekwisha kujua kulala mchana. Na kama tayari unaye na kazi haikuachii nafasi, mpeleke asubuhi kwa dada, mama mkwe au rafiki mwenye watu nyumbani na umchukue jioni. Mtoto wangu wa tatu wa mbwa alikulia hivyo, kwa mama mmoja wa Kijenge mwenye duka la mkaa, na kila jioni nilimkuta amelala juu ya gunia tupu chini ya kiti chake, mweusi mpaka masikioni.